Chupa Uliyoitupa Mkomani Huzaa Mbu

KILA yafanyikapo Maonyesho ya Kilimo ya Mombasa katika uwanja wa Mkomani, watu hufurika kutoka Likoni, Kisauni, Changamwe na hata Kwale na Kilifi. Watoto huja kuona ng'ombe na kupanda bembea. Wakubwa huja kutazama mbegu, mashine na bidhaa mpya. Jioni umati ukiondoka, ardhi huwa imejaa chupa za plastiki, vikombe, sahani za karatasi na vikaratasi vya matangazo.

Wengi hudhani hiyo ni kazi ya wafagiaji tu. Mimi nikiwa daktari, naiona kuwa ni kazi ya zahanati pia.

Mwaka mmoja wakati wa mvua za vuli, mama mmoja wa Kisauni aliletwa kwangu na mwanawe. Alikuwa na homa kali, maumivu nyuma ya macho, na viungo vikimuuma hata hawezi kushika kikombe. Alikuwa amemeza dawa za malaria bila kupimwa. Vipimo vilionyesha kuwa si malaria bali homa ya dengi, ambayo kwa Kiswahili huitwa kidingapopo. Nilipouliza, niliambiwa kwamba nyuma ya nyumba yao mlikuwa na jaa la chupa na mikebe.

Takataka na homa

Homa hii huenezwa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua, kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Hahitaji kinamasi. Maji kidogo ndani ya kikombe kilichotupwa yanamtosha.

Hutaga mayai ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Mvua ikinyesha yakalowa, viluwiluwi hutoka, na baada ya wiki moja au siku kumi hivi mbu huruka. Ndiyo sababu uchafu wa siku moja huleta maradhi ya msimu mzima.

Mombasa imeyaona haya. Dengi ilizuka mwaka 2013 na tena 2017. Mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ikaja chikungunya, ambayo huenezwa na mbu huyo huyo.

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Lakini chupa na vikombe bado viko. Hebu tupige hesabu. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akinunua chupa mbili za maji, kikombe cha sharubati na sahani ya viazi, huacha vitu 20 kwa siku moja. Kuvichoma si dawa, kwani moshi wa plastiki una sumu na huwachochea wenye pumu.

Kabla ya kutoka nyumbani

1. Chemsha maji usiku, yaache yapoe, kisha jaza chupa ngumu ya kila mtu. Usiijaze tena kwenye mfereji usioujua.

2. Chukua kikapu cha ukili au mfuko wa kitambaa kwa vitu utakavyonunua.

3. Tia mkebe wenye kifuniko, kijiko, na kitambaa cha kufutia mikono. Muuzaji wa viazi karai au mishikaki hatakataa kukutilia humo.

Ukiwa uwanjani

4. Agiza chakula utakachokimaliza, nacho kiwe moto. Mabaki hukusanya nzi, na nzi hubeba vijidudu vya kuhara.

5. Usipokee kila karatasi unayopewa. Uliza unalotaka, uliandike kwenye simu au daftari.

6. Ukinunua chupa, imalize, iponde, uifunge kizibo ili isiingie maji. Itie pipani au umpe mwokotaji chupa, ambaye huziuza kwa kilo. Pipa likijaa, rudi nayo nyumbani.

Wenye kuhudhuria mikutano na semina hotelini nao wanaweza kufanya vivyo hivyo. Mtu mmoja akiomba jagi la maji na gilasi badala ya chupa, wenzake humfuata.

Ukirudi nyumbani, zunguka ua. Mwaga maji yote yaliyotuama katika mikebe, magurudumu na vifuu vya nazi. Funika mapipa ya maji. Fanya hivyo kila wiki.

Ukishikwa na homa

Usijitibu malaria kwa kukisia. Nenda ukapimwe. Kipimo cha malaria kikiwa safi na homa ingalipo, mkumbushe daktari juu ya dengi. Kunywa maji mengi, na kwa maumivu tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Usimeze aspirin wala ibuprofen, kwani zaweza kuzidisha kutoka damu.

Jihadhari zaidi homa inaposhuka. Tumbo likiuma sana, ukitapika bila kukoma, ukitoka damu puani au kwenye ufizi, au mgonjwa akilegea, kimbilia hospitali mara moja, usingoje asubuhi.

Yule mama wa Kisauni alipona baada ya siku nyingi za maumivu. Siku aliyorudi kuniona, aliniambia kuwa lile jaa la nyuma ya nyumba wamelizoa lote.