Helikopta ya vita na njia ya kuwa piloti wake



Wengi kati yenu wanauliza juu ya helikopta za vita. Kwetu mashariki ya Congo, mashini hizi haziko hadithi ya mbali. Mwaka 2013 Afrika ya Kusini ilileta hapa helikopta zake zinazoitwa Rooivalk, ndani ya jeshi la Umoja wa Mataifa. Mwezi wa 11 mwaka ule zilipiga roketi juu ya vilima vya Chanzu, katika Rutshuru, wakati wa vita na M23. Jeshi letu nalo liko na Mi-24. Basi kijana akiona moja inapita juu ya nyumba anasema: «Na mimi nitakuwa piloti!» Ni neno zuri. Lakini mwenye kulisema ajue kwanza mambo matatu: mashini yenyewe ni nini, njia ya kuifikia ni gani, na muzigo gani mutu anabeba akikaa ndani yake.

1. Ni mashini gani?

Si kila helikopta ya jeshi ni helikopta ya kushambulia. Nyingi zinabeba tu askari, chakula na wagonjwa. Ile tunayoisema hapa ilitengenezwa kwa kazi moja: kupiga.

Ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi kwa kazi hiyo ni Cobra, ya kampuni Bell ya Marekani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1967 ilikuwa tayari katika vita vya Vietnam. Mwili wake ni mwembamba sana, karibu metre 1 ya upana, ili adui asiione mbio. Watu wawili wanakaa ndani, mumoja mbele, mwenzake nyuma. Warusi walifwata njia ingine: Mi-24 yao, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969, inapiga na tena inaweza kubeba askari 8.

Kisha ikakuja Apache ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975. Ikijazwa inapita tani 10. Iko na motere 2, muzinga wa milimetre 30 chini ya tumbo, na inaweza kubeba misile 16 za kuvunja vifaru. Mwenye kupiga anakaa mbele, piloti anakaa nyuma na juu kidogo. Usiku wa tarehe 17 mwezi wa 1, 1991, Apache 8 ziliingia Irak na kuvunja rada, na ndege zingine zikapata njia ya kupita.

2. Inaruka namna gani?

Hapa mufungue kaye ya fizika. Ndege ya kawaida inapaswa kukimbia ili mabawa yake yapate hewa. Helikopta inazungusha mabawa yenyewe, ndiyo helise ya juu. Kila bawa linasukuma hewa chini, hewa nayo inasukuma bawa juu. Ni sheria ya 3 ya Newton, ile munayoandika kila mwaka bila kujua inatumika wapi.

Sheria hiyo hiyo inaleta shida. Motere ikizungusha helise upande mumoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande mwingine. Ndiyo sababu kuko helise ndogo kwa mukia: inazuia mwili usizunguke. Mukia ukivunjika, mwili unazunguka kama pia ya watoto.

Sasa muangalie kazi ya piloti. Mukono wa kushoto unashika fimbo inayopandisha na kushusha mashini. Mukono wa kuume unashika fimbo ingine ya kuilaza mbele, nyuma, ao kando. Miguu miwili inakanyaga pedali za kugeuza pua. Akiinua fimbo ya kushoto, mwili unataka kugeuka, na muguu unapaswa kujibu palepale. Hakuna kiungo kinachopumzika.

Na motere ikizimika hewani? Wengi wanafikiri ni kifo tu. Hapana. Piloti anashusha mbio fimbo ya kushoto, na hewa inayotoka chini inaendelea kuzungusha helise, kama mbegu yenye bawa inavyoanguka polepole ikizunguka. Karibu na udongo anainua fimbo tena, na mashini inakaa chini. Kila piloti wa helikopta anafundishwa jambo hilo. Lakini nafasi ya kufikiri ni ya segonde chache tu.

3. Njia ya kuwa piloti

Tutwae mufano wa jeshi la Marekani, kwa kuwa masharti yake yanajulikana wazi. Pale mutu anaweza kutoka shule ya sekondari na kwenda kwa masomo ya helikopta, bila kupitia univerzite. Lakini mulango ni mwembamba.

Awe raia wa inchi ile, na diploma ya sekondari. Apite jaribio la hesabu, la kusoma na kuelewa, la mekanika, na la kutambua mwelekeo wa ndege kwa kuangalia picha. Daktari anapima moyo, masikio na macho, hata kutambua rangi. Miwani peke yake haimufungii mutu njia, kama inarudisha macho vizuri.

Kisha anapitia mafunzo ya askari ya majuma 10, na masomo ya kuwa ofisa. Masomo ya kuruka yanafanyika Fort Rucker, katika Alabama. Pale anajifunza hali ya hewa, ramani, redio, na kuruka kwa helikopta nyepesi. Wanamufunga ndani ya sanduku kama la helikopta, wanalipindua ndani ya maji, naye anatafuta mulango. Baadaye anaruka usiku. Kwa wale wa Apache kuko shida yao: kioo kidogo kinakaa mbele ya jicho la kuume na kuonyesha picha za usiku, wakati jicho la kushoto linaangalia vitu vingine. Kila jicho linaona jambo lake, na kichwa kinapaswa kujifunza kuyaunganisha. Muzinga nao unageuka kufwata kichwa. Mwisho wa masomo piloti yuko na deni la kutumika miaka 10.

Kwa mwanafunzi wa hapa, jeshi lake ni la inchi yake. Lakini kuko pia njia ya raia. Sheria za kimataifa za ndege zinadai miaka 18 kwa piloti wa helikopta wa kazi, saa 150 za kuruka (ao 100 katika masomo yaliyopangwa), cheti cha daktari, na kujua luga ya kuongea kwa redio, mara nyingi Kiingereza. Saa hizo ni za bei kali sana. Basi anayesema «matematika inanichokesha, Kiingereza si kazi yangu», anajifungia mulango yeye mwenyewe, mbele hata hajafika kwa bei.

4. Muzigo

Tarehe 12 mwezi wa 7, 2007, kule Baghdad, Apache mbili zilipiga kundi la watu barabarani. Jeshi lilisema kulikuwa wenye silaha kati yao. Lakini kulikuwa pia watu wawili wa Reuters, mupiga picha na dereva wake. Kamera yao ilizaniwa kuwa silaha. Wote wawili wakafa. Gari ndogo ikakuja kuchukua aliyeumia: ikapigwa nayo, na watoto wawili waliokuwa ndani wakaumizwa. Picha zilizochukuliwa na mashini yenyewe zilitolewa wazi mwaka 2010, na dunia yote ikaziona.

Askari wale waliomba ruhusa kwa redio, wakapewa. Mashini yao haikuharibika. Kioo kilionyesha watu, lakini hakikusema watu wale ni nani. Neno hilo lilibaki kwa mwenye kidole.

Protokoli ya kwanza ya mwaka 1977, inayofwata Mapatano ya Geneva, inasema: kukiwa shaka kama mutu ni raia ao askari, ahesabiwe kuwa raia. Ni sheria fupi, lakini ni nguvu kuifwata wakati moyo unapiga na mwenzako anasema «piga!» Wengi wenu munajua mashaka ya wale walio chini: mama mwenye muzigo kichwani, anayetazama juu na hajui kama piloti anamuona kuwa mama.

Basi, ndugu, tusidharau tamaa ya kuruka. Lakini piloti anayefaa si yule anayejua kupiga tu. Ni yule anayeweza, akiwa na shaka, kuondoa kidole na kurudi kambini na masasi yake yote. Na kuangalia mara mbili mbele ya kujibu kunaanzia hapa darasani.

Maswali ya kujibu ndani ya kaye:

1. Sababu gani helikopta iko na helise ndogo kwa mukia? Eleza kwa sheria ya Newton.
2. Motere ikizimika hewani, piloti anafanya nini kwanza, na sababu gani?
3. Taja masomo matatu ya shule yetu yanayohitajiwa na piloti, na kazi ya kila moja.
4. Mutu aliyepewa ruhusa ya kupiga, lakini yuko na shaka, afanye nini? Toa sababu zako kwa mistari 10.