UCHOVU, MAKOSA NA MASHINE ZA KUCHIMBIA MAFUTA

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu ninaowafundisha fizikia waliniuliza muhula huu swali hili: Mashine zinazojiendesha zenyewe huletwa kazini kwa sababu gani, kumpumzisha mfanyakazi au kumfukuza? Swali ni zuri, na jibu lake haliwezi kutolewa kwa maneno mawili. Nimeona afadhali nilijibu katika gazeti letu, ili wazazi nao walisome. Nimechagua kazi moja tu iwe mfano, nayo ni kazi ya kuchimba visima vya mafuta na gesi, kwa kuwa katika kazi hiyo kosa dogo laweza kuua watu wengi kwa usiku mmoja.

Kisima huchimbwaje?

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe. Mnara mrefu wa chuma husimamishwa juu ya mahali panapochimbwa. Ndani ya mnara huning'inia bomba la chuma, na mwisho wa bomba, chini kabisa, pana kekee yenye meno magumu. Bomba likizungushwa, kekee nayo huzunguka na kusaga mwamba. Kisima kikizidi kwenda chini, bomba jingine huungwa juu ya lile la kwanza, na jingine tena, na jingine tena. Bomba moja lina urefu wa meta 9 hivi, na uzito wake ni kilo 250 au zaidi. Wakati huo huo pampu husukuma tope zito ndani ya mabomba. Tope hilo hutokea kwenye kekee, huipoza, kisha hurudi juu kwa nje ya mabomba likichukua vipande vya mwamba.

Kekee ikiwa butu hapana njia ila kuyatoa mabomba yote, kuibadili, na kuyarudisha yote. Hebu tupige hesabu. Kisima kina meta 3,000, na mabomba hutolewa matatu matatu yakiwa yameungana, yaani meta 27 kwa mara moja. Basi yatafunguliwa kiasi cha mara 111, na wakati wa kuyarudisha yataungwa mara 111 nyingine. Jumla ni mara 222, kwa ajili ya kekee moja tu! Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Visima vya mvuke wa ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, hufika kina kama hicho, na huchimbwa kwa mitambo ya namna hiyo hiyo.

Kazi ya mikono

Kwa miaka mingi ya karne iliyopita kila mara moja katika hizo 222 ilifanywa kwa nguvu za watu. Wengine walisimama sakafuni chini ya mnara. Walipachika kabari za chuma ili bomba lisiporomoke kisimani, wakalibana kwa makoleo makubwa yaliyoning'inizwa kwa kamba za waya, kisha wakalizungushia mnyororo uliovutwa na winchi ili lizunguke upesi. Sakafu ilikuwa na utelezi wa tope. Mnyororo ule uliwakata watu wengi vidole. Mwenzao mmoja alikaa juu ya mnara, kiasi cha meta 25 kutoka sakafuni, akasimama juu ya ubao mwembamba huku amefungwa mkanda, akiyadaka mabomba na kuyaegemeza moja moja.

Zamu yao ilikuwa ya saa 12, na hata leo zamu za saa 12 ni za kawaida katika kazi hii. Anayefanya kazi baharini huendelea hivyo majuma mawili au zaidi bila siku ya mapumziko, na mara nyingi zamu yake ni ya usiku.

Uchovu si uvivu

Watu wengi hudhani kwamba mtu anayekosea kwa sababu ya uchovu ni mzembe, na kwamba dawa yake ni kukemewa. Sayansi yatuonyesha vingine. Mwaka wa 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyowapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwa jaribio moja la macho na mikono. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya vibaya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake. Katika nchi nyingi kiasi hicho humkataza mtu kuendesha gari. Mlevi hawezi kuponywa ulevi wake kwa makaripio. Na mchovu ni vivyo hivyo.

Kuna uchovu wa pili usiotoa jasho. Mwaka wa 1948 Mwingereza Norman Mackworth alitangaza majaribio yake juu ya watu wanaolinda. Aliwaketisha mbele ya saa yenye mshale mmoja ulioruka hatua moja kila nukta. Mara chache sana mshale uliruka hatua mbili, na kazi ya mtazamaji ilikuwa kuiona ruka hiyo. Kazi nyepesi, sivyo? Lakini ilipopita nusu saa tu, watazamaji walianza kuikosa mara nyingi zaidi. Hawakuwa wamebeba chochote. Walichoka kwa kungoja.

Basi tuna uchovu wa namna mbili: wa mwili unaofanya kazi, na wa macho yanayongoja. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii, maana ndiyo kiini cha somo letu.

Mashine zilichokileta

Katika miaka ya 1970 ilianza kutumika mashine yenye taya za chuma inayobana mabomba na kuyazungusha, ikachukua mahali pa makoleo na mnyororo. Katika miaka ya 1980 ikaja mota kubwa inayoning'inia ndani ya mnara na kuzungusha bomba kwa juu. Kwa mota hiyo mabomba matatu huungwa kwa mara moja wakati wa kuchimba, badala ya moja moja. Kwa hiyo kazi ya kuunga ikapungua kwa theluthi mbili. Baadaye ikaja mikono ya chuma ya kuyadaka mabomba huko juu mnarani. Mwaka wa 2021, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mtambo wa kampuni ya Nabors ulichimba kisima huku roboti zikiyashika na kuyaunga mabomba, bila mtu kusimama sakafuni wakati wa kazi hiyo. Msimamizi huketi katika chumba chenye vioo, mbele yake pana kompyuta.

Faida yake ni dhahiri. Kwanza, kidole kisichokuwapo hakikatwi. Pili, kila kiungo cha bomba hutaka kukazwa kwa nguvu maalumu. Kikilegea huvuja, kikikazwa mno huharibika. Mkono wa mtu hautoi nguvu ile ile saa tatu asubuhi na saa tisa usiku, lakini mashine iliyotunzwa vizuri hukaza kiungo cha 222 kama ilivyokaza cha kwanza. Tatu, kompyuta hupima tope linaloingia na linalotoka kila wakati, bila kusinzia.

Jambo hili la tatu lataka maelezo ya fizikia. Tumejifunza kwamba kila meta 10 za maji huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Basi chini ya meta 3,000 za maji mgandamizo huo ni mara 300, na tope ni zito kuliko maji. Uzito wa tope ndio unaoizuia gesi isiingie kisimani. Ikianza kuingia, tope litokalo litazidi tope liingialo. Dalili hiyo ikionwa mapema, kisima hufungwa kwa vali kubwa zilizo mdomoni mwake. Ikikosa kuonwa, gesi hupanda na kulipuka.

Usiku wa tarehe 20 Aprili, 2010

Tarehe hiyo chombo cha kuchimbia kiitwacho Deepwater Horizon kililipuka katika Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87. Zaidi ya nusu saa kabla ya mlipuko, mgandamizo ndani ya bomba ulipanda ingawa pampu zilikuwa zimesimamishwa. Mwanafunzi yeyote aweza kuuliza: ikiwa pampu hazisukumi, ni nani anayesukuma? Vipimo vilikuwapo mbele ya macho ya watu, lakini maana yake haikutambuliwa kwa wakati. Tume ya Rais wa Marekani iliyochunguza habari hiyo ilitoa taarifa yake mwaka wa 2011. Ilisema kwamba usalama usitegemee mtu anayefaa kutazama kipimo kinachofaa katika dakika inayofaa, na kwamba kompyuta zitengenezwe ziweze kutambua dalili na kupiga kengele zenyewe. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika kazi hii, mwenye macho lazima aambiwe.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Fundi mmoja wa chombo hicho hicho aliwaambia wachunguzi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kisilie chenyewe, ili watu wasiamshwe usiku bure. Kengele inayolia ovyo ni mashine inayochosha, na mtu aliyechoshwa huinyamazisha.

Mwaka wa 1983 mtaalamu wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, aliandika kwamba mashine inapopewa kazi nyepesi, mtu huachiwa zile ngumu tu, pamoja na kulinda. Naye kwa kuwa hafanyi kazi kila siku, ustadi wake hupungua. Kisha siku ya hatari hutakiwa auonyeshe wote. Hapa ndipo tunapokutana tena na saa ya Mackworth. Mashine imeondoa uchovu wa mikono, lakini isipopangwa vizuri huzidisha uchovu wa macho.

Jibu langu

Je, mashine humpumzisha mtu au humfukuza? Sitawaficha wazazi: watu wanaotakiwa sakafuni wamepungua. Wanaotakiwa zaidi ni wale wawezao kutengeneza mota, vipimo na kompyuta. Kijana anayeikimbia hesabu leo anajifungia mlango huo.

Lakini kwa habari ya makosa, naamini kwamba mashine hupunguza makosa ya uchovu pale tu mwenye kazi anapotimiza mambo matatu: walinzi wabadilishane mapema, kabla macho hayajachoka, kengele ziwe chache na za kweli, na watu wafanyishwe mazoezi ya hatari mara kwa mara. Anayenunua mashine ili mtu mmoja alinde kwa saa nyingi zaidi hakuondoa kosa, bali amelihamisha kutoka mkononi kwenda jichoni.

Maswali

1. Kisima kina meta 2,700. Mabomba hutolewa matatu matatu, meta 27 kwa mara moja. Yatafunguliwa na kuungwa mara ngapi ili kubadili kekee moja?

2. Eleza kwa nini tope lisilo zito vya kutosha ni hatari, na tope zito kupita kiasi laweza kuupasua mwamba.

3. Mwanafunzi aliamka saa kumi na mbili asubuhi, naye bado anasoma saa tano za usiku. Amekaa macho saa ngapi? Kwa kufuata yaliyoandikwa juu, mpe shauri kwa ajili ya mtihani wa kesho.