Kusubiri Jibu la Mita: Somo kwa Kamati za Maji



Machi 1872 Stanley alimwacha Livingstone Kwihara, karibu na Tabora, akaenda pwani kumtafutia wapagazi. Wapagazi hao walifika Agosti. Kama Livingstone angekata tamaa baada ya mwezi mmoja, wasingemkuta. Safari ndefu hudai subira ndefu. Robo hii tunajifunza jambo hilo katika miradi ya maji.

Yaliyotupata

Katika mradi wetu mmoja wa kisima kirefu, mita ya maji iliunganishwa na modemu ili ofisi isome taarifa kwa mtandao wa simu. Taarifa zilionyesha maji mengi kuliko fedha za kioski. Mama muuza maji akashukiwa, na kamati ikataka kumwondoa. Tulipolinganisha daftari lake na mita yenyewe pale kisimani, vilikubaliana. Kosa lilikuwa letu: programu ilipangiwa kusubiri jibu milisekunde 200 tu (sekunde moja ina milisekunde 1,000).

Ilivyotokea

Mita hiyo hutumia Modbus, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Ofisi huuliza, mita hujibu. Kwenye kebo yenye mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, swali na jibu fupi husafiri kwa milisekunde kama 20 tu. Kwa mtandao wa simu, jibu laweza kuchelewa hata zaidi ya sekunde moja. Programu ilipochoka kusubiri, ikauliza swali la pili. Ndipo jibu la kwanza likafika, likapokelewa kama la pili, kwa kuwa Modbus ya kebo haiandiki jibu ni la swali lipi. Jumla ya maji ikaonekana kushuka kisha kupanda, na maji yaleyale yakahesabiwa mara mbili.

Mambo ya kumuuliza fundi kabla ya kupokea kazi

1. Je, mwendo wa mawasiliano ni mmoja kwa vifaa vyote, na kila kifaa kina namba yake? Kebo ya RS-485 hufika hadi mita 1,200 hivi, mwendo ukiwa mdogo.
2. Je, amepima jibu linalochelewa kuliko yote, na kupanga muda unaolizidi? Kwa mtandao wa simu, sisi sasa tunasubiri sekunde 5.
3. Je, programu hufuta majibu yaliyochelewa kabla ya kuuliza tena? Kurudia mara 2 au 3 kunatosha. Kifaa kimoja kilichokufa kikisubiriwa mno, vingine vyote hukaa foleni.
4. Jibu lisipopatikana, je, inaandikwa "hakuna jibu"? Isiandikwe sifuri, maana sifuri ni kipimo.
5. Kama inatumika Modbus ya mtandao wa kompyuta, je, programu inakagua namba ya kila swali na jibu, na kufunga miunganisho iliyokufa? Vifaa vingi hupokea miunganisho michache tu.

Yule mama tulimwomba radhi mbele ya kamati, naye anaendelea na kazi.

Maswali ya kujadili

- Mita na daftari vikitofautiana, kamati yetu huanza kukagua nini?
- Nani kwetu anasoma mita kwa macho kila mwezi?