Ndege yangu hupanda, kisha huanguka

Swali: Tunashindana shuleni kurusha ndege za karatasi. Yangu hupanda ghafla, husita hewani, kisha huanguka. Nakosea wapi?

Jibu: Kwa dalili hizo, uzito umekaa nyuma mno. Ikunje pua mara moja zaidi. Ikiendelea kupanda, inamisha ukingo wa nyuma wa mabawa kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, na usirushe kwa hasira (wengi huharibu hapo).

Mnapimwa umbali au muda? Umbali hutaka mabawa membamba. Muda hutaka mapana, na ndege irushwe juu: Mjapani Takuo Toda aliiweka yake hewani sekunde 29.2 mwaka 2010. Muulize mwalimu leo kama gundi ya kushikilia mikunjo inaruhusiwa.