Mwongozo wa Kutunza Miguu kwa Wanaosimama Kutwa Kazini

Mwongozo huu unawahusu walinzi wa magetini, wauguzi, wapishi, wahudumu wa maduka, wapagazi, na wote wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira machinjioni, kwenye masoko ya samaki au mashamba ya maua. Wengi wao huanza kuhangaikia miguu siku kiatu kinapogoma kuvalika. Kabla ya hapo dalili huwa zilikuwepo, ila hakuna aliyeziangalia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuangalia. Kila jioni baada ya kuoga, kaa penye mwanga, pandisha mguu mmoja juu ya goti la pili, ukague unyayo, kisigino, pembeni mwa kucha na katikati ya vidole. Tafuta lengelenge, mpasuko, uvimbe, au sehemu yenye joto kuliko nyingine. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Mara nyingi panapoumia huonekana peusi zaidi. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni au amwombe mtu wa nyumbani amtazamie. Ukaguzi wote huchukua dakika chache tu.

Unyevu

Mabuti ya mpira huzuia maji ya nje yasiingie, lakini huzuia pia jasho lisitoke. Fangasi hupenda hapo. Mara nyingi huanzia kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, maana vidole hivyo hubanana na havipati hewa: ngozi hugeuka nyeupe kama iliyolowekwa, huwasha, kisha huchanika. Mpasuko huo mdogo ni mlango wa vijidudu vinavyoweza kuvimbisha mguu mzima.

Dawa yake kubwa ni taulo. Kausha kila uwazi wa vidole kabla ya kuvaa soksi. Beba soksi za pili ubadilishe mchana, na upendelee za pamba kuliko za nailoni. Ukirudi nyumbani toa soli ya ndani na uache buti zipate hewa usiku kucha. Ukiwa na jozi mbili, zivae kwa zamu. Fangasi wakishaingia, krimu ya klotrimazoli ya duka la dawa kwa kawaida inatosha, mradi uendelee kuipaka kwa wiki mbili baada ya muwasho kwisha. Wengi huiacha siku ya tatu, kisha wanailaumu dawa. Usipake mafuta ya taa wala maji ya betri.

Kiatu

Nunua viatu alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na uvijaribu ukiwa na soksi za kazini. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba, pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji atakuambia kitapanuka. Ngozi hupanuka kidogo kwa upana, lakini kiatu kifupi kitabaki kifupi. Ukichagua cha mtumba, kigeuze utazame kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, kimeshachukua mwendo wa mtu mwingine, nawe utalazimishwa kuufuata.

Pale kazi inapohitaji viatu vya kinga, si mfanyakazi wa kuvitafuta. Tanzania, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, humtaka mwajiri atoe vifaa hivyo. Buti isiyokutosha haijakukinga; irudishe ubadilishiwe.

Kucha zikatwe kwa kunyooka, bila kuchimba pembe, kwa sababu pembe iliyochimbwa huota ikiingia nyamani. Sugu na magaga yasuguliwe kwa jiwe la miguu, kamwe yasikatwe kwa wembe. Kisha paka mafuta ya mgando, lakini si katikati ya vidole. Ukichomwa na msumari, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha uende zahanati siku hiyohiyo ukaulizie sindano ya pepopunda.

Mwenye kisukari

Hapa kanuni hubadilika. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mguu huingia ganzi. Mtu anaweza kumaliza zamu nzima na kokoto ndani ya kiatu asijue, mpaka aone damu kwenye soksi. Kwa mgonjwa huyu, mguu usiouma si ushahidi kwamba ni mzima. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa na upitishe mkono ndani. Usitembee peku hata chumbani. Usiote miguu kwenye jiko la mkaa, na maji ya kuoshea yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Sugu usizishughulikie mwenyewe. Mwachie mhudumu wa afya.

Kidonda chochote unyayoni, hata kidogo na kisicho na maumivu, kionwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Na kila uendapo kliniki ya kisukari, vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa, uombe miguu yako ikaguliwe.