Tangawizi Mwitu Bustanini

Kila mtu aijua tangawizi itiwayo katika chai. Mmea huo una jamaa wengi. Manjano na iliki ni ndugu zake, na hao wote asili yao ni Asia. Lakini nchi yetu nayo ina tangawizi yake yenyewe, iotayo katika misitu ya miombo ya Tanzania, na ng'ambo ya mpaka katika Zambia na Malawi. Wataalamu huiita Siphonochilus kirkii, kwa jina la Daktari John Kirk, aliyesafiri pamoja na Livingstone katika mto Zambezi tangu mwaka 1858, kisha akawa balozi wa Uingereza huko Unguja. Haipandwi kwa ajili ya chai, bali kwa uzuri wa maua yake, yaliyo rangi ya waridi yenye doa la njano ndani.

Atakaye kuipanda nyumbani, Tunduma au Vwawa, na afahamu kwanza tabia yake. Uhai wa mmea huu umo katika tunguu, yaani shina nene lililojificha chini ya ardhi. Mvua zinapoanza, kama mwezi wa Novemba, tunguu huamka na kutoa maua na majani. Mvua zikiisha, majani hugeuka njano na kukauka, wala hakuna kitu kionekanacho juu ya udongo.

Hapo ndipo wengi wapotezapo mmea wao. Wamezoea mibuni ya Mbozi, yenye majani mabichi mwaka mzima. Basi hudhani ya kuwa tangawizi yao imekufa. Mmoja huing'oa na kuitupa. Mwingine huimwagia maji kila jioni, na tunguu huoza kwa maji na kwa baridi ya Juni na Julai. Kumbe haikufa, imelala tu. Tieni kijiti mahali pake, msiimwagilie, nanyi ngojeni mvua.

Kazi ya kupanda ni hii. Mwezi wa Oktoba chagueni mahali penye kivuli cha nusu siku. Fanyeni tuta, ili maji yasituame, mkachanganye udongo na samadi iliyooza. Kateni tunguu vipande, kila kipande kiwe na jicho moja au zaidi. Pakeni majivu penye jeraha, mkaviache kivulini siku mbili. Kisha pandeni kwa kina cha vidole vitatu, jicho likielekea juu, na kati ya kipande na kipande iwe sentimita 30.

Je, tunguu litapatikana wapi? Ombeni kwa jirani aliye nalo. Msiende porini kung'oa yote mnayoyaona. Huko Afrika Kusini ndugu wa mmea huu, Siphonochilus aethiopicus, alichimbwa mno ili auzwe kwa dawa, hata akatoweka katika mapori mengi. Na sasa watu humpanda bustanini ili asipotee kabisa. Mwenye tunguu moja leo akiligawa vizuri, baada ya miaka michache atakuwa na la kumpa jirani, na pori litabaki na lake.

Tena, mzizi msioujua msiuonje kamwe, maana mingine ina sumu.

Maswali
1. Kwa nini tangawizi mwitu haimwagiliwi wakati wa kiangazi?
2. Kipande cha tunguu kisicho na jicho kitakuwaje?
3. Taja mmea mwingine wa kwenu ulalao ardhini kiangazi.