SOMO: Programu ya Kikundi Isiondoke na Mtu Mmoja



Tuseme kijana wenu ameandika programu ya hesabu za akiba kwa lugha ya Java. Kwa kompyuta yake inafanya kazi vizuri. Halafu anapata kazi mbali. Siku ya kugawana akiba inafika, mweka hazina anajaribu kuifungua kwa kompyuta ya kikundi, haifunguki. Wanachama wanaanza kutazamana vibaya. Pesa hazijaibwa. Shida ni kwamba programu haikufungashwa.

Injini na mkanda

Mnajua injini ya dizeli ya kusaga unga. Ukihamisha mkanda, injini hiyo hiyo inakata majani ya ng'ombe. Katika kujenga programu, Gradle ni kama injini. Kinachopachikwa ili kufanya kazi fulani huitwa programu-jalizi.

Gradle inayo moja iitwayo application. Kijana huiambia hasa jambo moja: programu inaanzia wapi. Baada ya hapo anapata amri hizi:

1. run: huendesha programu hapo hapo, aijaribu.
2. installDist: hupanga kila kitu katika folda moja.
3. distZip: hufunga vyote katika faili moja ya zip. Ndani, folda ya bin ina faili za kuanzishia, moja ya Windows na nyingine ya Linux na Mac. Folda ya lib ina programu na vyote inavyotegemea.

Ukitaka kubuni yako

Huenda vikundi vyenu vinataka programu-jalizi yao, kwa mfano ya kutia maelezo ya Kiswahili katika kila kifurushi. Basi kijana azingatie haya:

(a) Ifanye kazi moja, na jina lake lieleweke.
(b) Iwe na mazoea yake. Gradle hutafuta programu za Java katika src/main/java bila kuambiwa. Lakini mwenye kutaka tofauti aweze kubadilisha.
(c) Kufungasha kutegemee kujenga. La sivyo, mtatumiwa programu ya zamani mkidhani ni mpya.
(d) Kila kazi itaje inachochukua na inachotoa. Gradle ikiona hakuna kilichobadilika, hairudii kazi bure.

Tahadhari mbili

Kwanza, zip hiyo haina Java ndani. Lazima kompyuta ya mweka hazina iwe nayo. Tangu Java 16 ya mwaka 2021, kifaa kiitwacho jpackage kinaweza kutengeneza kifurushi chenye Java ndani yake. Lakini cha Windows kitengenezwe kwa Windows.

Pili, kufungasha programu si kuhifadhi hesabu. Nakala ya hesabu iwekwe mahali pengine, na daftari lisitupwe.

Maswali ya kujadili

1. Kijana wetu akiondoka kesho, nani anaweza kuifungua programu?
2. Je, tumeijaribu kwa kompyuta ambayo si yake?
3. Nakala ya programu na ya hesabu ziko kwa nani?

Msingoje siku ya kugawana. Ijaribuni mkutano ujao, mweka hazina mwenyewe akiwa ameshika kompyuta na kijana akiwa amekaa kando, kimya.